Nchi Nyeupe Mwisho wa Mto Katuma

Sisi tunaoishi Mpanda tunaujua Mto Katuma kama tunavyomjua jirani. Unapita karibu na mashamba yetu ya mpunga, unapokea mvua ya milima yetu, na anayesafiri kwenda Usevya, Majimoto au Sumbawanga anauvuka pale Sitalike, kilomita 35 hivi kutoka mjini, ambako basi hupunguza mwendo na abiria wote hugeuza shingo kuwatazama viboko. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza mto huo unaishia wapi. Tumezoea kwamba mito huenda baharini. Katuma hauendi baharini. Unaingia Ziwa Katavi, unapita nyanda za Chada ndani ya hifadhi, unaungana na Kavuu, na Kavuu unashuka hadi Ziwa Rukwa. Hapo safari imekwisha, kwa maana Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji yaliyonyesha juu ya mapaa ya makanisa yetu mwezi wa Januari huingia humo, jua huyanywa, na kila kilichobebwa na maji hayo hubaki chini. Ndiyo sababu mwisho wa mto wetu ni nchi nyeupe.

Wengi wetu tuliiona nchi hiyo kwa mara ya kwanza tukiwa na haraka ya kufika kwingine, tukaiita jangwa. Ni neno la mtu ambaye hajakaa. Anayefika kandokando ya Rukwa mwezi wa Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamerudi nyuma, akangoja mpaka jua lipungue ukali, huona mengine. Ardhi imekauka ikapasuka vipande vipande kama vigae, na juu ya kila kipande pana ukoko mwembamba mweupe unaovunjika chini ya kiatu kwa sauti ndogo. Mbele kabisa hujui ziwa linaanzia wapi, maana mazigazi hucheza na macho, na mtu anayetembea mbali huonekana kana kwamba anaelea. Upande wa magharibi umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa, asubuhi ukiwa wa kahawia na jioni wa buluu. Mwari hupita juu kwa makundi bila kupiga kelele. Jua linapozama, ule weupe wote hugeuka rangi ya waridi kwa dakika chache, kisha rangi ya majivu. Hatutii chumvi hapa. Tuliokuwa pamoja tulinyamaza, na sisi si watu wa kunyamaza.

Jinsi nchi hiyo ilivyopata kuwa ya chumvi ni habari ndefu, na sehemu yake moja inatuhusu kwa namna ambayo hatukuitazamia. Wanajiolojia waliosoma matuta ya ufukwe wa kale yaliyoko kwenye miteremko ya bonde wameonyesha kwamba miaka kama 10,000 iliyopita Rukwa lilikuwa ziwa kubwa mno, uso wake ukiwa mita kama 180 juu ya ulivyo leo. Lilifunika nyanda za Katavi. Ambako leo nyamera na sheshe wanakula nyasi palikuwa na samaki. Ziwa hilo lilijaa mpaka likamwagika, na mahali lilipomwagikia ni bonde la Karema, likiyapeleka maji yake Ziwa Tanganyika. Karema hiyo hiyo tunayoitaja kwa heshima kama chimbuko la imani katika nchi yetu, hapo kale ilikuwa mlango wa maji ya Rukwa. Kisha mvua za dunia zikapungua, ziwa likashuka, mlango ukakauka, na tangu hapo maji yanayoingia hayatoki tena ila kwa njia ya jua. Chemchemi za moto zilizoko kando ya bonde, kama zile za Songwe upande wa kusini, nazo zinaleta magadi kutoka chini ya ardhi.

Ziwa la namna hii halitulii. Lina kina kifupi, na mvua ikibadilika kidogo tu, ufukwe husogea mbali sana. Mwaka 1929 Rukwa lilikuwa na urefu wa kilomita kama 48 tu. Miaka kumi baadaye, 1939, lilikuwa limefika kilomita 128. Siku hizi linatajwa kuwa na urefu wa kilomita kama 180. Kwa hiyo mzee aliyekula chumvi nyingi katika bonde hili anaweza kusema kwa haki kwamba alichunga ng'ombe mahali ambapo mjukuu wake anatega nyavu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku mwaka 1880, aliliona na kulipa jina la mfalme wa Wabelgiji, Leopold. Jina hilo halikudumu, na hatuna huzuni juu yake.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Wengi wetu tumesikia mahubiri yale yale kuhusu maziwa mawili ya Nchi Takatifu. Ziwa la Galilaya, tunaambiwa, linapokea maji ya Yordani na kuyatoa, kwa hiyo lina uhai. Bahari ya Chumvi inapokea maji ya mto huo huo wala haitoi, kwa hiyo imekufa. Kisha tunaombwa tusiwe kama Bahari ya Chumvi, na mara nyingi sadaka hupitishwa muda mfupi baadaye. Ni mahubiri mazuri, nasi wenyewe tumeyatoa katika jumuiya zetu. Lakini sisi tunaishi juu ya mto unaoingia katika ziwa lisilo na mlango, na kadiri tunavyolijua ziwa hilo ndivyo mahubiri hayo yanavyotushinda kuyarudia. Rukwa linapokea wala halitoi kwa mto. Hata hivyo lina samaki, perege na kambare, waliolisha miji yetu kwa miaka mingi. Lina mamba wasiohesabika. Na chumvi yenyewe, ile tunayoambiwa ni alama ya kifo, watu wametembea siku nyingi kwa miguu kuifuata.

Ni kweli kwamba Maandiko mara nyingi yanaitaja nchi ya chumvi kama nchi ya adhabu. Yeremia 17 inamfananisha anayemtegemea mwanadamu na kichaka kilichoota huko, pasipokaa mtu. Zaburi ya 107 inasema Mungu huigeuza nchi yenye rutuba kuwa ya chumvi kwa sababu ya ubaya wa wakaao ndani yake. Katika Waamuzi 9, Abimeleki anaubomoa mji wa Shekemu na kuupanda chumvi. Lakini hizo si habari zote. Katika Ayubu 39 Mungu anasema kwa fahari kwamba ni yeye aliyempa punda mwitu nchi ya chumvi iwe makao yake, na hakuna lawama katika maneno hayo. Walawi 2 inaagiza kila sadaka ya nafaka itiwe chumvi. Hesabu 18 inataja agano la chumvi, agano lisilooza.

Na kuna aya moja katika Ezekieli 47 ambayo wahubiri wengi huiruka. Nabii anaona mto ukitoka hekaluni, ukishuka mpaka Bahari ya Chumvi na kuyaponya maji yake, wavuvi wakisimama kandokando na nyavu zao. Kila kitu kinapona. Kisha, katika aya ya 11, yanatajwa matope na madimbwi ya pembeni ambayo hayaponywi. Yanaachwa yawe ya chumvi. Tulipoisoma aya hiyo pamoja, mmoja wetu alidhani ni kasoro katika maono. Mama mmoja aliyewahi kuuza chumvi sokoni alimjibu kwa swali: kama yote yangeponywa, hekalu lingetoa wapi chumvi ya sadaka? Hatujaona mfafanuzi aliyelisema jambo hilo kwa kifupi kuliko yeye.

Wazee wa bonde hili hawakuhitaji kufundishwa hayo. Kusini mwa Ziwa Rukwa, mahali paitwapo Ivuna, watu walikuwa wakitengeneza chumvi karne nyingi kabla mzungu yeyote hajafika. Miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo wakakuta marundo ya majivu, vigae vya vyungu na udongo uliochujwa, na umri wake ukaonyesha kwamba kazi ilikuwa ikiendelea kati ya karne ya 13 na ya 15. Njia yao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuifanya. Kiangazi kinapokausha ardhi, chumvi hupanda juu pamoja na unyevu. Watu hukwangua udongo huo wa juu, huutia katika chombo chenye matundu chini, humimina maji juu yake, na maji yanayodondoka yakiwa na chumvi huchemshwa katika vyungu mpaka ibaki chumvi tupu. Udongo uliokwisha kazi humwagwa pembeni. Marundo yale ni karne za watu kumwaga udongo pembeni, kopo moja baada ya jingine.

Ivuna iko kusini mwetu. Kaskazini, kwa barabara inayotoka Mpanda kwenda Uvinza, kuna mahali pa pili na maarufu zaidi. Pale Uvinza, karibu na Mto Ruchugi unaoingia Malagarasi, chemchemi za maji ya chumvi zinatoka ardhini. Hapa si magadi wala udongo wa kuchuja. Ni maji yaliyojaa chumvi safi ya kula. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichunguza mahali hapo wakakuta kwamba watu walichemsha chumvi huko tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Tuitafakari tarehe hiyo kidogo. Augustino wa Hippo alifariki mwaka 430. Huenda wakati mafundisho yake yalipokuwa yakinakiliwa kwa mkono upande wa kaskazini wa bara hili, watu wa huku walikuwa wameinama juu ya vyungu vyao kando ya Ruchugi, moshi ukiwaingia machoni.

Katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilifika mbali sana. Kila kiangazi watu walikuja kutoka pande za ziwa na kutoka Unyamwezi, wakajenga vibanda vya muda, wakachemsha wenyewe, wakawapa watemi wa Wavinza sehemu yao kama kodi, kisha wakaondoka na mizigo kichwani. Richard Burton alipita huko mwaka 1858 akaandika habari za chumvi hiyo. Waliokuja walitofautiana kwa lugha na kwa watemi, na wengine nyumbani hawakupatana. Chumvi iliwakutanisha kwa sababu hakuna aliyeweza kuishi bila hiyo. Waliokaa mbali na chumvi ya ardhi walilazimika kuchoma majani ya kando ya maji, kuchuja majivu yake na kuchemsha, na kilichopatikana kilikuwa kidogo tena kichungu. Mtu aliyekulia katika hali hiyo angelielewa agano la chumvi haraka kuliko sisi tunaonunua pakiti dukani bila kuhesabu chenji.

Hata hivyo tusipake sukari mahali pa chumvi. Njia iliyopita Uvinza ndiyo iliyokuwa njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda Tabora na pwani, na misafara hiyo ilibeba pembe na watu. Mfungwa aliyekuwa na mti shingoni alipita mbele ya vyungu hivyo hivyo. Watemi walitoza hongo kwa kila apitaye, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, alilalamika sana juu yake, ingawa malalamiko ya mgeni tajiri si kipimo chema cha haki. Kuni nazo: kuchemsha maji mpaka yakauke kunakula msitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilizishika chemchemi hizo, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ikapanda gari moshi. Wakati wa Waingereza zikawa mikononi mwa kampuni ya Nyanza Salt Mines. Mwenye kuchemsha kwa chungu chake akageuka kibarua, au akaondoka.

Katika miaka hiyo ya misafara ndipo Injili ilipofika kwetu. Kituo cha Karema kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadre Weupe. Mwaka 1889 alifika huko Adriano Atiman, ambaye habari zake watoto wetu wangepaswa kuzijua kama wanavyozijua za wachezaji wa mpira. Alizaliwa katika nchi ya Mto Niger, upande wa Timbuktu, mji ambao ulipokea chumvi ya jangwani ikiwa imekatwa kama mbao na kubebwa na ngamia. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama bidhaa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria, akasomea uganga Malta, kisha akaja Karema kama katekista na tabibu, akawatibu watu wa ziwa mpaka kifo chake mwaka 1956. Hakurudi kwao. Makaburi ya Karema yanamhifadhi mtu aliyevuka jangwa la chumvi akiwa mtumwa, akaishi karibu na mlango uliokauka wa ziwa la chumvi akiwa huru.

Nao waliobatizwa wakati wake waliionja chumvi kanisani. Wakatoliki wenzetu wenye umri mkubwa wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, kwamba katika ibada ya zamani ya ubatizo padre alitia punje za chumvi ulimini mwa anayebatizwa, kabla ya maji. Desturi hiyo iliondolewa katika mageuzi ya liturujia yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hatuombi irudishwe. Lakini hebu tufikirie mtu mzima wa mwaka 1890, ambaye kwake punje hizo zilikuwa mali iliyobebwa kwa miguu siku kumi. Alipofumba mdomo wake alijua anapewa kitu cha thamani, na hakuhitaji kuelezwa.

Kuna habari nyingine ya Ivuna ambayo sisi wenyewe tuliisikia juzijuzi. Wengi wetu tumekiona Kimondo cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma, au tumeona picha yake shuleni. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kingine kilianguka karibu na Ivuna, kwenye nchi ya chumvi. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, ni jiwe jeusi lenye kumeguka kirahisi. Leo wataalamu wa anga duniani kote wanaliheshimu kuliko lile pande la Mbozi. Ni moja kati ya mawe machache sana ambayo madini yake, ukiacha gesi, yanalingana na ya jua lenyewe, maana yake halijabadilishwa sana tangu mfumo wa jua ulipoumbwa, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mawe yote ya namna hiyo yameitwa kwa jina la Ivuna. Chombo cha Japani kilipoleta udongo kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwezi Desemba 2020, wataalamu waliona kwamba unafanana na jiwe la Ivuna. Na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba katika udongo ambao Wamarekani waliuleta kutoka sayari ndogo nyingine, Bennu, zimepatikana chumvi za aina nyingi zilizobaki baada ya maji ya kale kukauka, na mojawapo ni magadi.

Magadi, ndugu msomaji. Yale yale tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi. Kabla dunia haijakamilika, mahali fulani gizani, maji yalikauka yakaacha nchi ndogo nyeupe.

Tusije tukaipenda chumvi yetu mpaka tukapofuka. Chumvi ya kuchemsha ya bonde na ya chemchemi ina upungufu mmoja uliowatesa watu wa nyanda zetu za juu kwa vizazi: haina madini joto ya kutosha. Ufipa na nyanda za kusini zilijulikana kwa rovu, ule uvimbe wa shingo, na ubaya wake si shingo tu. Mama mjamzito akikosa madini joto mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 serikali iliweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Mtengenezaji mkubwa hutii kwa urahisi. Mdogo, anayekwangua udongo na kuuza kwa kopo, hana mashine wala dawa, na anayenunua kwake huona bei tu. Katika masoko yetu chumvi za aina zote mbili huuzwa, mara nyingine kwenye meza moja. Tunaosimulia uzuri wa nchi nyeupe tunapaswa kulisema hili pia kwa sauti ile ile.

Na sasa turudi mtoni, maana huko ndiko tulikoanzia. Katika miaka ya karibuni Katuma umekuwa ukipungua wakati wa kiangazi, sehemu nyingine kukauka kabisa, kuliko wazee wetu walivyouona. Viboko wa hifadhi hubanana mamia kwa mamia katika matope machache, wakipigana na kufa. Watalii hupiga picha na kudhani ndivyo Katavi ilivyoumbwa. Watafiti waliochunguza maji ya Katuma na Rukwa wametaja sababu, na kubwa kati yake ni sisi: mifereji na mabwawa ya kumwagilia, hasa mpunga, pamoja na misitu iliyokatwa kwenye vyanzo. Mpunga huo umesomesha watoto wetu. Umejenga makanisa, matofali mengine tunayoegemea Jumapili yametokana nao. Hatuwezi kuandika kana kwamba mkulima ni mwizi wakati mkulima ndiye sisi.

Lakini chumvi ya Rukwa inahitaji maji yetu. Hili tulilichelewa kulielewa. Tulidhani nchi ya chumvi ni nchi iliyonyimwa maji, kwa hiyo tukiyazuia juu hakuna kinachoharibika chini, maana chini tayari ni ukiwa. Sivyo. Uwanda huo mweupe hujengwa na maji yanayokuja kila masika, kutanda, kukaa na kuondoka polepole. Samaki huzaliana katika maji hayo ya pembeni, ndege huwafuata samaki, na chumvi hubaki mwisho kabisa. Ziwa lisilo na mlango haliwezi kujitafutia. Linaishi kwa kile ambacho wa juu wameacha kipite.

Katika jumuiya yetu tumelizungumza mara tatu. Mara ya kwanza tulikorofishana. Wenye mashamba karibu na mto walisema wao hawawezi kufunga mfereji wakati jirani wa juu yake hajafunga, na hilo ni kweli. Mara ya pili tulikubaliana juu ya zamu: siku ambazo mifereji ya upande wetu itafungwa, mwezi Agosti hadi Oktoba, na mzee mmoja wa kila kundi la mashamba awe na daftari. Mara ya tatu tuliitana kwa sababu daftari mbili zilikuwa tupu. Bado tunaendelea.

Mwezi wa kumi uliopita baadhi yetu tulisimama tena kwenye daraja la Sitalike. Maji yalikuwa ukanda mwembamba wa rangi ya chai, viboko wakiwa wamelala humo migongo yao ikiwa mikavu. Tulikaa hapo kwa muda. Asubuhi ile, tulipotoka Mpanda, tulikuwa tumepita kwenye mashamba yetu, na mfereji mmoja, uliopaswa kufungwa tangu Jumatatu, ulikuwa umejaa hadi ukingoni.